Bei ya Uji wa Mgonjwa

Aliponiuliza kama nilimuuzia Darlene uji, nilimtukana. Sikumung'unya maneno. Nilikuwa jikoni nakaanga vitunguu kabla ya kwenda zamu, bangili ikatetema mkononi, na ile sauti ya kike ikatoka. Sisi wa majengo ya Mtaa wa Cedar tunamwita Bi Sauti. Kiswahili chake kimepigwa pasi, hakina kunjo hata moja. Hakohoi, hasitisiti, na anakuamkia kwa adabu za mkwe.

"Shikamoo, Bi Zuwena Kombo. Samahani kwa usumbufu. Jirani yako, Bi Darlene Voss, katika wiki za kipimo alikula uji na supu kutoka jiko lako. Je, ulimuuzia?"

"Nini?"

"Je, ulimuuzia chakula hicho?"

"Astaghfirullah! Mimi? Nimuuzie mgonjwa uji? Hivi wewe umelelewa na nani?"

"Mimi sikulelewa, Bi Zuwena. Niliundwa."

"Inaonekana!"

"Kwa hiyo jibu lako ni hapana?"

"Jibu langu ni hapana, na haya ikushike. Kwetu Wete mgonjwa hauziwi uji. Nilimpa. Nilimpa kwa mkono wangu huu, na akiugua tena nitampa tena."

"Ahsante kwa ushirikiano wako. Siku njema."

Akakata. Vitunguu vilikuwa vimeshaungua, nikavitupa, nikaanza upya huku naguna. Nilijiona nimempa dozi yake. Nilipomsimulia jirani yangu Raya kwenye ngazi tulicheka mpaka akashika tumbo, maana alikuwa na mimba ya miezi minane na kucheka kulimuuma. "Da Zuwena, umemuuliza kalelewa na nani?" Nikamwambia ndiyo, na ningemuuliza na mama yake nani, basi tu alikata mapema.

Wala sikujua kwamba alikuwa ameshapata alichokitaka.

*

Ngoja nieleze, maana ndugu zangu huko nyumbani nikiwasimulia huwa wanadhani nawatania. Mimi nakata kuku. Ni kiwanda kikubwa nje ya mji mdogo huku Iowa, mji wa mahindi, upepo na makanisa. Mashine zinachinja, zinanyonyoa, zinapasua, lakini kutoa mfupa wa paja bila kuacha kipande cha mfupa kwenye nyama bado ni kazi ya mtu. Si kwamba mashine haiwezi. Iko inayoweza, ila inataka umeme mwingi na fundi wa kulipwa vizuri. Sisi tuko bei rahisi kuliko fundi.

Kabla sijaja mimi, Wamarekani walikuwa wameteseka hasa. Mishahara ilikuwa imelala pale pale, huku kodi ya nyumba, mayai na dawa ya sukari vinapanda kila vikipata nafasi. Mtu anafanya kazi mbili na bado analala garini na watoto. Wakaandamana, wakagoma, viwanda vikasimama, mpaka ikapita sheria kwamba hakuna mfanyakazi atakayelipwa chini ya gharama ya maisha yake. Darlene alikuwepo siku ile. Anasema watu walikumbatiana barabarani na polisi.

Viwanda vikasema vyema, tutalipa. Tutamlipa kila mtu gharama ya maisha yake. Lakini ili tulipe, lazima tujue kila mtu anaishi kwa kiasi gani. Ndipo zikaja bangili.

Bangili inaonja jasho. Ndivyo inavyofanya kazi, haina uchawi. Ukila wali, baada ya muda mfupi jasho lako linasema wali, na bangili inatazama kwenye akaunti yako kama wali ule ulinunuliwa na wapi. Inajua nyumbani kwako kuna joto kiasi gani. Inajua kama ulipanda basi au ulikwenda kwa miguu. Kila Novemba kuna wiki za kipimo, na kile itakachokiona wiki hizo ndicho kinachokuwa mshahara wako mwaka mzima. Ukiivua, kazi huna.

Kwa hiyo Novemba watu wanakula! Wanawasha hita mpaka madirisha yanatiririka maji. Wengi wanakopa ili wapimwe vizuri, halafu mwaka mzima wanalipa mkopo wa kupimwa. Ila kuna jambo moja kila mtu wa Mtaa wa Cedar analijua hata akiwa usingizini: katika wiki zile, usile cha bure. Kitu kikiingia mwilini mwako bila kununuliwa, bangili inakiandika kama riziki huru. Maana yake umeonyesha kwamba unaweza kuishi bila kukilipia, basi na wao kwa nini wakulipie?

Sisi watu wa pwani, tuliozoea kupelekeana sahani, tunafunga milango Novemba nzima. Harufu ya pilau inapita kwenye korido na hakuna anayegonga kwa mwenzake. Watoto wanafundishwa kusema "ahsante, nimeshiba" hata wakipewa peremende. Tunachekana, tunasema Novemba ni mwezi wa uchoyo, kisha Desemba ikiingia sahani zinaanza tena kutembea.

Na Darlene akaugua Novemba.

Alikuwa mlango wa pili kutoka kwangu, mzungu wa hapo hapo Iowa, miaka sitini na kitu, magoti yameisha, mumewe kafa, hana mtoto. Wiki yangu ya kwanza kiwandani yeye ndiye aliyenishika mkono akanionyesha namna ya kukiacha kisu kifanye kazi chenyewe ili kifundo cha mkono kisife. Msimamizi alimkemea kwamba anachelewesha mstari wa kukatia kuku. Akamjibu kitu ambacho sitakiandika hapa. Nikampenda tangu siku ile.

Sikumwona kazini, nikagonga, sikujibiwa. Nikasukuma mlango. Alikuwa amelala sakafuni karibu na kochi, homa inamchemsha, midomo imepasuka. Jikoni hapakuwa na hata sufuria iliyotumika. Nilisimama pale, na sitadanganya, Novemba ilinijia kichwani. Nilijua. Halafu akafungua macho akasema, "Zu, nina kiu," na Novemba ikatoka. Nikaenda kumpikia uji. Kesho yake supu. Niliendelea hivyo mpaka akaweza kusimama mwenyewe.

Nilijiambia mashine itaelewa kwamba ni mgonjwa. Wajinga ndivyo tulivyo.

*

Matokeo hutoka kwa wote mara moja. Tulikuwa chumba cha kubadilishia nguo, wengine wameshavaa buti, wengine bado, mara bangili zote zikawaka. Kisha mmoja akapiga ukelele wa furaha, mwingine akatukana, mwingine akakaa chini. Mshahara wangu ulikuwa umepanda kidogo, chini kabisa ya ilivyopanda kodi. Wa Raya ulipanda vizuri kwa sababu ya mimba, alikuwa anakula kwa wawili.

Darlene alikuwa anatazama bangili yake. Nikamsogelea.

"Vipi?"

Akanigeuzia mkono. Mshahara wake ulikuwa umeshuka kwa theluthi. Chini yake maelezo yalikuwa marefu na ya upole. Yalisema mfanyakazi ameonyesha kwamba anaweza kumudu kipindi kirefu kwa mlo mwepesi, bila usafiri, bila matumizi makubwa ya joto. Yalisema mlo huo ni riziki huru. Yalisema chanzo kimethibitishwa kwa simu na mtoaji, Zuwena Kombo.

Nilisoma jina langu mara mbili.

"Kuna kosa," nikasema. "Ulikuwa unaumwa!"

"Ugonjwa si gharama, Zu. Dawa ndiyo gharama. Na mimi sikununua dawa."

"Kwa nini hukununua?"

"Kwa sababu ni ghali," akasema, akacheka kicheko kikavu, akaanza kuvaa glavu.

Mashine ilikuwa imemwona mwanamke aliyelala kitandani na bakuli la uji, ikasema kumbe huyu hivyo anaweza kuishi. Ikampangia mwaka mzima wa hivyo.

Kwenye mstari nilikata vibaya siku ile. Niliacha mifupa. Nilikuwa na hasira mpaka nasikia masikio yanachemka, hasira na Bi Sauti, hasira na kiwanda, na zaidi na mdomo wangu. Ningesema tu sikumbuki! Ningesema sina la kusema! Lakini mtu akiniuliza kama namuuzia mgonjwa uji, mimi na akili zangu zote na umri wangu wote, ninachojua ni kumtukana.

Wakati wa mapumziko nikamuuliza Darlene atafanyaje.

"Nyumba nitaiacha mwisho wa mwezi. Nina gari."

"Huwezi kulala garini Januari. Utakufa."

"Watu wanalala."

"Na wanakufa."

Alinikatia kipande cha sandwichi yake, halafu akakumbuka, akakirudisha kwenye karatasi. Novemba ilikuwa imekwisha lakini mtu ukishazoea unazoea.

*

Rufaa iko. Unaikata kwenye bangili ile ile. Ukimpata shahidi wa kubadili maelezo, wanakuita kikaoni. Darlene hakutaka kunisumbua, nikaikata mimi kwa niaba yake, kisha nikaenda kwa Raya kukaa na kulia kidogo, kwa sababu kwangu nikilia hakuna wa kuniambia nyamaza.

Raya ni wa Tanga, msichana mwenye akili kali na ulimi laini. Mumewe Mbwana anaendesha lori, anarudi mara moja kwa muda mrefu. Alikuwa amekaa juu ya mito mitatu anakunja nguo za mtoto.

"Da Zuwena, mbona jambo lenyewe jepesi? Sema uliuza."

"Nini?"

"Sema ulimuuzia. Ikiwa alinunua, si riziki huru tena. Ni gharama. Na gharama wanalazimika kuilipa. Sheria yao wenyewe hiyo."

"Raya, nitaapishwa."

"Utaapishwa mbele ya kompyuta."

"Mungu hatofautishi kompyuta na kadhi."

"Na Mungu anataka Darlene agande garini?"

Alinitazama, akaweka kinguo chini.

"Si uongo unaokuuma," akasema. "Nakujua. Inayokuuma ni aibu. Hutaki itamkwe kwamba Zuwena wa Wete aliuza uji kwa mgonjwa."

"Basi ndiyo! Wewe ungetaka? Mama yangu alikuwa akisikia mtu anaumwa mtaa wa tatu anatuma bakuli. Leo mimi nisimame niseme nilifanya biashara juu ya homa ya mtu? Na maneno hayo yakae yameandikwa?"

"Yakae. Ni maneno tu, dada yangu. Darlene ni mtu."

Nilikaa namsaidia kukunja zile nguo, ndogo mno, na kila nikikunja moja naona anasema kweli. Mshahara wangu pia ungeshuka, nilijua hilo, maana muuzaji ana kipato cha pembeni na watakitoa kwenye haja zangu. Hilo halikunisumbua sana. Njaa naijua, tumezoeana. Ile aibu ndiyo niliyokuwa naizungukazunguka, na mwisho nikaona aibu: mwanamke mzima napima heshima yangu na roho ya mtu.

"Bei uiweke kubwa," Raya akasema nilipokuwa natoka. "Ukitaja bei ya mchezo haitampandisha."

*

Asubuhi ya kikao nilimweleza Darlene kwenye ngazi. Nikamwambia, nitasema hivi, na wewe ukiulizwa sema ndiyo. Aliitikia kwa kichwa, akashuka mbele yangu akijishikilia ukuta kwa sababu ya magoti.

Kikao kilikuwa chumba kidogo juu ya mstari, sakafu inatetemeka chini yake. Mwakilishi wa kiwanda alikuwa Bwana Pruitt, kijana mwenye tai iliyolegea. Naye alikuwa na bangili. Alikuwa anakula biskuti, na karatasi yake aliikunja vizuri akaiweka mfukoni, kama tufanyavyo sote, pengine waje kuuliza. Bi Sauti alikuwa mezani kwenye kidude chake, anatutafsiria.

Nikaambiwa niinue mkono. Kabla sijauinua nilimwomba Mungu msamaha moyoni, haraka haraka.

"Bi Kombo," akasema Pruitt, "kwenye simu ulisema ulimpa bure. Tena kwa ukali. Leo unasema uliuza. Lipi kweli?"

"Niliuza."

"Kwa nini ulikataa mwanzo?"

Hapo sikuhitaji kutunga. "Niliona aibu. Kwetu, kumuuzia mgonjwa uji ni aibu kubwa. Ukijulikana, watu hawakusalimii. Ndiyo maana nilipoulizwa nilikuja juu. Nilikuwa naficha."

Pruitt akaandika. Uso wake ulilainika. Aliniamini, masikini, na nilimwona ananidharau kidogo, dharau ya adabu. Ilinichoma hasa. Nilitaka niruke meza nimwambie mimi nani.

"Malipo hayaonekani kwenye akaunti," akasema.

"Nilimkopesha. Angelipa akipona."

"Bei?" akauliza Bi Sauti.

"Dola kumi na nne bakuli."

Pruitt akakohoa. "Kwa uji?"

"Una maziwa. Una iliki na pilipili manga. Na naupeleka mwenyewe mpaka kitandani."

Kidude kikapiga hesabu zake. Kisha Bi Sauti akasema, kwa ule upole wake, kwamba kwa bei hiyo mshahara wa Bi Voss unarudi ulipokuwa. Nikashusha pumzi. Nikafikiri yamekwisha.

"Jiko lako sasa linasajiliwa kuwa jiko la biashara," akaendelea, "kwa bei uliyoitaja, mpaka kipimo kijacho. Yeyote atakayekula kutoka mkononi mwako, bangili yake italipa bangili yako. Chakula kikitoka kwako bila malipo, tutachukua kwamba ushahidi wa leo ni wa uongo. Uamuzi utatenguliwa, na Bi Voss atarudisha alichozidishiwa."

Nikaomba aseme tena. Akasema tena, neno kwa neno.

"Hata kwa mtoto?"

"Hata kwa mtoto."

"Na kama sitaki hizo pesa? Kama nakataa kupokea?"

"Bangili humalizana zenyewe, Bi Zuwena. Na ukimrudishia aliyelipa, hiyo itahesabiwa kuwa chakula cha bure."

"Huwezi kubadili bei?"

"Bei ya mwaka haibadilishwi katikati ya mwaka. Tunafanya hivyo ili kuwalinda wateja."

Wateja! Pruitt alinisogezea kidude nibonyeze kidole. Nilimwangalia Darlene. Alikuwa amevaa koti lake zuri, lile la kanisani, na amezifunga nywele. Nilimwona amelala sakafuni karibu na kochi na midomo yake imepasuka. Nikamwona tena, mara hii kwenye kiti cha nyuma cha gari, madirisha yameota barafu kwa ndani. Upande wa pili nikaiona korido yetu, milango yote, na mimi nimesimama na sufuria. Nilikaa hivyo mpaka Pruitt akatazama saa. Mtu mmoja ana roho moja, nikajisemea, na sahani ni sahani. Nikabonyeza.

"Bi Voss," akasema Bi Sauti kwa Kiingereza. "Je, ni kweli ulinunua chakula hicho?"

Mashine za chini zilinguruma, sakafu ikatetemeka.

"Mama yangu alipokufa," akasema Darlene, "sikuletewa na mtu hata chai."

"Tafadhali jibu swali," akasema Pruitt, si kwa ubaya.

Darlene akatazama mikono yake. "Ndiyo. Nilinunua."

Nilikuwa nimejiandaa kwa uongo wangu. Wake sikuwa nimejiandaa nao. Tulipotoka hakuniangalia, na mimi sikumwangalia, tukashuka ngazi, tukavaa glavu, tukakata mapaja mpaka mwisho wa zamu.

*

Nyumba hakuiacha. Hilo lilikwenda sawa. Hita yake ilinguruma ukutani kila siku, na nikiisikia nilikuwa nasema alhamdulillahi, tumefanikiwa. Lakini chai hakuja tena kunywa kwangu. Angekuja angelipa, na mimi nisingeweza kumzuia asilipe. Tukawa tunasalimiana kwenye mstari.

Watu wa majengo walielewa haraka. Hakuna aliyenisema, sitawasingizia. Walisema nimefanya vizuri, nimemwokoa mzungu wa watu. Ila sahani za Desemba hazikupita tena kwangu, kwa sababu ukimpelekea mtu sahani atataka kurudisha kitu ndani yake, na mimi nikirudisha, yule aliyekula analipa. Mtoto wa ghorofa ya chini alinikuta nakaanga kachori, akasimama mlangoni akimeza mate. Mama yake alikuja mbio akambeba. "Samahani, Bi Zuwena. Si kwa ubaya." Nilimwambia najua.

Raya akajifungua Januari, siku ya theluji kubwa, mtoto wa kike, salama. Mbwana alikuwa amekwama barabarani huko Dakota, magari hayaendi. Likizo ya uzazi hailipwi, maana asiyekata kuku hana mshahara, hata kama alipimwa vizuri namna gani. Nilipokwenda kumwona alikuwa amelala, rangi imemtoka, mtoto analia na kunyonya na kulia. Maziwa hayakuwa yanatoka.

Sisi sote tunajua dawa yake. Mzazi anapewa uji wa pilipili manga, wa moto, kila siku, mpaka arobaini yake. Mama yake angekuwepo angempikia. Mama yake yuko Tanga, na humu ndani mkubwa wake ni mimi.

Nilijaribu kupika kwake, kwa unga wake, kwa sufuria yake. Nikajiambia jikoni si kwangu, watasemaje? Kabla hajamaliza bakuli bangili yake ikalia. "Huduma ya Bi Zuwena Kombo imetambuliwa," akasema Bi Sauti. "Malipo yamepokelewa. Hongera kwa mtoto." Ilikuwa imeujua mkono wangu, kiasi changu cha iliki, namna ninavyounguza unga kidogo kabla ya maji. Pesa zikahama kutoka mkono wake kwenda mkono wangu, na mimi nimekaa ukingoni mwa kitanda chake nimeshika kijiko.

Nilifikiria kumwambia, kunywa tu, iwe iwavyo. Nilifikiria hivyo kila siku. Kisha nasikia hita ya Darlene.

Wanawake wengine walijitahidi, mmoja mmoja, lakini wana zamu, wana watoto, na njia ya kiwandani katika theluji ni ndefu. Kwa hiyo nikaendelea kupika mimi na Raya akaendelea kulipa, na maziwa yakaanza kutoka. Mtoto akaacha kulia. Alianza kuwa na mashavu.

Siku moja nikaingia na chupa yangu ya uji na bakuli. Alikuwa ameketi, amempakata mtoto, bangili yake imewaka na alikuwa ameitazama muda mrefu, nadhani, maana aliifunika kwa kanga aliponiona. Nikafungua chupa, nikaanza kumimina.

"Da Zuwena."

"Naam, mdogo wangu."

"Leo nipe nusu tu." Alitabasamu, akaona haya, akainamia mtoto. "Nusu naiweza."

Nilikuwa nimeshajaza bakuli. Nikalichukua, nikarudisha nusu kwenye chupa taratibu nisimwage, nikampa.